Mwenye Mshono Yupo Hai

Koni ya spika ilizama. Twita akaiondoa betri ya tochi, akaifuta kwenye suruali kana kwamba kosa ni la vumbi, akaigusisha tena: chanya kwenye waya mwekundu, hasi kwenye mweusi. Spika iliyoungwa vizuri, ukiigusisha hivyo, koni yake huruka mbele kidogo. Hii ilizama. Mara ya tatu ikazama vilevile, bila haya.

Alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa abiria wa gari la kaka yake. Kava la mlango lilikuwa limelazwa juu ya gunia, klipu zake saba zimo ndani ya kifuniko cha kopo. Wateja walimwita Twita, jina la ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa sababu ya ukondefu wake na kisauti chake cha juu; naye alilipenda hata akalichora kwenye ubao wa karakana. Miaka ishirini na moja amekuwa akifungua milango ya magari ya watu, na kila aliyejifunza kwake alianzia kwenye betri hiyo: usirudishe kava kabla hujaona koni imeruka. Aliyesahau alisemwa mpaka akatamani ardhi impasukie.

Haya, na huyu aliyesahau hapa ni nani? Akavuta waya nje aone. Kwenye kiungo palikuwa na tepu nyeusi, ncha yake imekunjwa ikaacha kisikio kidogo, ili fundi atakayekuja baadaye asihangaike kuibandua. Twita hakumjua fundi mwingine mwenye kujisumbua hivyo. Kisikio kilikuwa palepale alipokiacha miaka tisa iliyopita, na waya mwekundu uliingia chini ya tepu, upande wa pili ukatoka mweusi.

"Lo," akasema polepole. "Kumbe ni mimi."

Binti wa kaka yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na sare yake ya uuguzi, boksi la spika mpya mapajani. Gari sasa lilikuwa lake, baba yake alikuwa amempa. Kitu cha kwanza alichotaka ni kuziondoa hizi spika za kiwandani, za karatasi, aweke seti kamili: spika kubwa ya mlangoni, twita yake ya kukaa juu karibu na kioo, na kisanduku cha kuzigawia sauti.

"Vipi, baba mdogo? Kuna tatizo?"

"Hamna, mwanangu. Waya huchoka."

Ulimtoka laini uongo huo, akauonea aibu papo hapo.

"Basi mafundi wengine walisema kweli," binti akasema. "Watatu walimwambia baba, spika moja inasukuma, nyingine inavuta, ndiyo maana besi inakufa na mwimbaji anasikika kama kasimama nje ya gari. Dakika kumi tu, mzee, tukugeuzie waya. Wapi! Huyo wa tatu alitimuliwa. 'Mwenye mshono yupo hai,' baba akamwambia, 'usiuguse.' Nikajua mzee mawazo yake yako kwenye cherehani."

Twita alijua mawazo ya mzee hayakuwa kwenye cherehani. Baba yao aliwaachia duka la ushonaji lenye mashine mbili na masharti mawili. La kwanza, nguo yenye kasoro hurudi kwa aliyeishona. Mwingine haifumui, hata kama anaweza, mpaka mwenyewe aitwe aione. La pili, wiki moja baada ya kumpa mteja nguo, umfuate ukamuulize: inakukaa? Kaka mtu alibaki na mashine yake. Ya Twita iliendelea kutiwa mafuta kila mwezi, haina mshonaji.

Miaka tisa iliyopita kaka huyo alikuja kufungiwa redio mpya. Mlango wa dereva ulikuwa tayari, Twita yuko kwenye wa abiria, karakana imejaa watu. "Hivi kelele hizi," kaka akasema, "ndizo zilizokutoa kwenye cherehani ya baba?" Watu wakaangua kicheko. Labda ulikuwa utani tu. Twita aliunga waya huohuo kwa hasira, bila betri, bila kusikiliza, akalibamiza kava mahali pake na kumtupia kaka yake ufunguo. Wiki ikapita, hakwenda kuuliza. Tangu hapo wakawa watu wa kupeana mikono msibani na harusini. Alingoja kaka yake aje aseme neno moja tu kuhusu zile spika, na kila mwaka uliopita kimya alizidi kumwona ana dharau.

"Alikuwa anaisikia hiyo kasoro?" akauliza.

"Baba? Masikio yale? Akiendesha alikuwa anainamia mlango wake hivi," binti akalaza kichwa begani, "apate angalau spika moja safi. Sisi tulikuwa tunamwigiza, tunakufa kwa kucheka. Mama anamwambia, shingo itakupinda wewe." Alikuwa akicheka hata sasa, kisha kicheko kikamwishia. "Mpaka homa ya mwaka jana ilipomchukua masikio. Siku hizi hata nikiangusha sufuria nyuma yake hageuki."

Twita alikuwa ameambiwa kwamba kaka yake amekuwa mzito wa kusikia. Alisema ni uzee huo, akacheka, hakwenda hata kumjulia hali. Sasa alijuta, akajuta sana. Kazi ya dakika kumi, na mtu wake aliendesha miaka minane shingo upande akiingoja.

"Nenda kamlete," akamwambia binti. "Akatae asikatae, mlete."

Hakukifungua kile kiungo. Alikata waya juu yake, spika ya karatasi ikatoka na kipande chake cha waya na kisikio cha tepu. Kisha akafanya kazi kama anayeanza maisha. Alichonga pete za ubao ili spika mpya zikae bila kutikisika, akazizungushia sponji, akalehemu kila kiungo, akazipachika twita pembeni mwa vioo zikitazama katikati. Akaleta betri. Mlango wa dereva, koni ikaruka. Mlango wa abiria, ikaruka.

Kaka yake alifika saa kumi, shati limepigwa pasi, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

"Umekonda!" alisema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. Mtaa mzima ukageuka.

Sasa utamwombaje radhi mtu wa hivyo? Ukimnong'oneza, hasikii. Ukipiga kelele, unawatangazia majirani, na yeye bado hasikii. Twita akaiweka ile spika ya zamani juu ya boneti, mbele ya kaka yake, akagusisha betri. Koni ikazama. Akashika kisikio, akabandua tepu, akabadilisha waya, akagusisha tena. Ikaruka. Halafu akajipiga kifuani kwa kiganja: mimi.

"Najua!" kaka akanguruma. "Miaka yote hiyo najua! Nilikuwa nakungoja uje uniulize. Na mimi nilikuwa na langu la kukwambia. Siku ile nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Mbona hukuniita, kaka?"

Lilikuwa swali la kumuuliza mwaka juzi. Kaka mtu aliendelea kuitazama koni, na binti akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Wakaingia garini, kaka kwenye usukani, Twita pembeni yake, milango ikafungwa. Twita akaweka wimbo wa zamani, ule waliokuwa wakiusikiliza dukani mashine zote mbili zikizunguka. Mwimbaji alisimama katikati kabisa ya dashibodi, baina yao, karibu mno, na besi ikasukuma viti. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, Mungu amsamehe.

Alimgusa kaka yake bega, akangoja amtazame usoni, kisha akaumba neno kwa midomo bila kutoa sauti, taratibu, kama dukani zamani: inakukaa?

Kaka mtu alilisoma mara moja. Alikuwa amelisema mwenyewe miaka arobaini. Akacheka, akapitisha mkono begani mwake mwenyewe kama mteja anayekagua mshono.

"Inanikaa," akasema.

Kisha akafumba macho, na wimbo ukiendelea, akainamia mlango wake, sikio likaikaribia spika. Twita akanyoosha mkono ili amkalishe sawa. Ukafika nusu ya njia, akaurudisha mapajani.