Mwanga Usishushwe

Enock hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Ukimuuliza mara ya pili alikuwa ameshakasirika, na akishakasirika basi, kazi kwako. Lakini hasira ya mwezi ule ilikuwa na sababu, tusimwonee. Baba yake, mzee Maganga wa Didia, alikuwa anasomba pamba kwa mkokoteni wa maksai kutoka shambani hadi ghala la chama cha ushirika, na kipande kirefu cha safari hiyo kilipita kando ya lami. Lami ile ile ya malori yanayotoka Isaka. Mkokoteni hauna taa, hauna hata kipande cha kung'aa nyuma, na mzee ukimwambia asubiri asubuhi anakujibu kwamba pamba haikulimwa kwa ajili ya kulala shambani. Msimu uliopita lori lilimpitia karibu hadi likamng'oa kofia.

Kwa hiyo Enock aliahidi. Kila jioni ya kusomba pamba angetoka Kahama na kigari chake, amkute baba yake njiani, ageuze, amfuate nyuma taratibu na taa zikiwaka hadi ghalani. Tatizo ni kwamba kigari chenyewe kilikuwa na taa za njano zilizochoka, zinamulika kama vile zimeombwa. Jioni moja alikuja kumwona baba yake akiwa ameshamkaribia kabisa, nusura amgonge. Kesho yake akaenda Nyahanga, hapo hapo Kahama, kwa Onesmo, fundi umeme wa magari.

"Nitolee hizi takataka," alisema, hata salamu hakumaliza. "Niwekee zile nyeupe kali kuliko zote."

Onesmo alizifunga. Zilipowashwa, ukuta wa gereji ukawa mweupe pe, na Enock akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sasa kaka, uliache gari mpaka jioni," Onesmo alisema. "Hizi globu hazikutengenezewa taa za aina hii, zinatawanya mwanga juu. Tuzimulike ukutani giza likianza kuingia, nikushushie."

"Unishushie nini?"

"Mwanga."

"Nimekuja kuongeza mwanga, wewe unataka kuushusha? Una akili kweli?" Enock alishachukua funguo. "Mnapenda kumrudisha mtu gereji, nawajua nyinyi."

Onesmo alimwita mara moja, kisha akarudi kwenye kazi yake. Na mimi ningerudi.

Jioni ile ile akaingia barabarani, lami yote mbele yake kama mchana, kila shimo analiona. Alijisikia mwanaume. Lori la kwanza alilokutana nalo likampigia taa mara mbili. Sasa, kila dereva wa njia ile anajua maana yake: trafiki yuko mbele. Enock akafunga mkanda, akapunguza mwendo, akatambaa. Trafiki hakuna. Basi dogo nalo likampigia. Akatambaa tena, huku giza linaingia na baba yake yuko barabarani peke yake. Trafiki hakuna. La tatu, la nne, wote wanampigia taa, na mmoja akatoa mkono dirishani na kupayuka jambo ambalo upepo ulilichukua.

"Waongo wakubwa," alisema peke yake ndani ya gari. "Wananichelewesha makusudi. Wivu tu wa taa."

Jamani, watu wote wale walikuwa wanamwambia kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa mbele ya pua yake. Hakikumwingia. Alichojua ni kwamba ameshacheleweshwa vya kutosha, na atakayempigia taa tena atamjibu.

Akapita Tinde akiwa anakimbia. Karibu na Didia akaona mbele kitaa kidogo kinapepea, juu, chini, juu, chini. Bodaboda, akawaza, na yeye pia ananiletea upuuzi. Akawasha fuli, mwanga wote, na kuiacha hapo hapo.

Haikuwa bodaboda. Ilikuwa tochi, na aliyeipunga alikuwa ameketi juu ya majunia ya pamba. Enock aliwaona maksai wakirusha vichwa, macho yao yakiwa meupe ndani ya ule mwanga, wakakata kushoto na kuacha lami. Mkokoteni ukawafuata, ukapinduka mtaroni. Yeye hakuwagusa. Alifunga breki mbali kabisa nao, akashuka mbio, taa akaziacha zinawaka nyuma yake.

Vijana wawili waliokuwa wanatoka mashambani walifika karibu pamoja naye. Waliinua gurudumu, wakamvuta mzee. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Maksai mmoja alikuwa anakoroma, shingo iko chini ya nira, na hangeinuka tena.

Mzee Maganga alifikicha macho, machozi yanamtiririka. Akapapasa mpaka akashika kola ya mtu aliyekuwa karibu.

"Dereva ni nani? Msimwache akimbie."

Vijana wakamtazama Enock.

"Ni huyu uliyemshika, mzee," mmoja akasema.

"Sioni. Sioni kitu, kila mahali ni weupe." Alikaza mkono, sauti ikimtetemeka kwa maumivu na kwa hasira. "Nimekupungia tochi, mshenzi wewe, na bado ukaongeza. Sasa kaa hapo hapo. Mwanangu yuko njiani, kila jioni anakuja kunilinda na watu kama wewe. Ana hasira huyo, hata mimi namwogopa. Akifika utamweleza yeye."

Enock alipiga magoti kwenye pamba iliyomwagika, kola yake ikiwa mkononi mwa baba yake, taa zake bado zinawaka nyuma yake.