Kutu Chini ya Rangi

Mwaka 1997, vikwazo dhidi ya Burundi vilipokuwa vimefunga mipaka, rangi ya kuzuia kutu haikupatikana Bujumbura. Zubeda, mjane aliyeendesha karakana ya vyuma ya marehemu mumewe huko Buyenzi, alitengeneza yake. Alichukua grafiti, ule unga mweusi wa kulainisha makufuli, akauchanganya na mafuta ya kitani. Alipaka kipande cha bati, akamwagia maji. Yaliteleza yote.

Pascaline, muuguzi Mkongomani wa zahanati ya Buterere, alimpa kazi ya kwanza: tangi la kambi ya watu waliokimbia mapigano. Mabomba ya mjini yalikuwa yamekatika, na mamia ya familia zilikunywa humo. Kutu ilikuwa imeanza kulitafuna kwa nje. Kwa kuwa askari walifunga barabara saa kumi alasiri, Zubeda hakuwa na muda wa kuikwangua yote. Alipaka juu yake. Tangi likang'aa, watu wakasifu, naye akapewa matangi mawili mengine ya kambi hiyo. Nayo akayapaka vilevile.

Mvua ilinyesha wiki tatu. Aliporudi, alikuta tangi la kwanza limeota vilengelenge. Alitoboa kimoja kwa msumari, maji yakachuruzika, ingawa rangi ya hapo ilikuwa nzima. Akaufuata uvimbe kwa kidole, shubiri mbili pembeni, mpaka kwenye mkwaruzo mwembamba ulioachwa na ngazi. Maji yalikuwa yameingilia hapo, yakatambaa kati ya rangi na kutu. Akaibandua rangi. Chini yake chuma kilimeguka vidoleni.

Nyumbani alimweleza shemeji yake, Rachid, aliyefanya naye kazi.

"We nyamaza," Rachid alisema. "Mutu akiuliza, tunasema ni mvua."

"Mvua haikuficha kutu. Ni mi nimeificha."

"Kaka yangu aliacha jina muzuri hapa. Unataka watuite waongo?"

Usiku ule Zubeda hakula. Asubuhi alikwenda zahanati.

"Mama Pascaline, rangi yangu ni mubaya."

"Apana! Si inang'aa?"

"Ndiyo ubaya wake. Yenyewe haipitishi maji. Lakini ikipata jeraha kidogo, maji inaingia, inatembea chini, na kutu inaikunywa. We huoni kitu mpaka chuma kinatoboka."

Pascaline aligeukia foleni ya ndoo. "Na leo watu watakunywa nini?"

"Tumwage tangi moja moja. Nitakwangua mpaka nione chuma cheupe."

Kazi ilichukua siku kumi na moja, kwa brashi ya waya na msasa, mikono yake ikivuja damu. Matangi mawili yalipona. Kwa lile la kwanza, brashi ilitoboa chuma mara tatu, akaacha; halikufaa tena. Mawili hayo hayakutosha, wanawake wakarudi kuchota kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, ambako risasi zilisikika, na watoto kadhaa waliharisha. Mmoja wao, wa miaka miwili, alifariki. Zubeda alikwenda mazishini, akakaa nyuma ya wanawake wengine. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti.

Rachid hakumsemesha kwa miezi. Ilipofika Ramadhani alikuja kufuturu, akauliza tangi la Gatumba, kazi mpya ya Zubeda, limekwanguliwa kiasi gani.

"Nusu," Zubeda alisema, akamsogezea uji.