Joto la Mheshimiwa

Nina miaka ishirini na sita kwenye ufundi wa mafriji na viyoyozi, na hakuna mashine iliyowahi kunishinda. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba hapa mwenye kosa si mashine.

Mama wa binti yangu alipohamia kwa dada yake, aliondoka na kila kitu isipokuwa kobe. Dada mtu alisema hataki mnyama nyumbani kwake. Kwa hiyo binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, aliniachia kobe wake, Mheshimiwa. Tulimpa jina hilo kwa sababu hutembea kana kwamba kikao hakiwezi kuanza bila yeye.

Baridi ilipoingia, Mheshimiwa akashikwa na mafua. Daktari wa mifugo akasema mpaka apone, usiku sanduku lake lisishuke chini ya nyuzi ishirini na nne, wala lisipite thelathini. Sanduku ni la mbao, liko sebuleni, lina balbu ya joto na kipimajoto. Balbu ikiachwa usiku kucha inamuunguza, ikizimwa mapema anapoa. Ikawa kazi yangu kuiwasha jioni, kuamka saa sita kuizima, kuamka tena saa kumi kuiwasha.

Na kila usiku, saa tatu, simu ililia.

"Shikamoo baba. Ngapi?"

"Marahaba. Ishirini na tano."

"Anapumuaje?"

"Anakoroma kama mjomba wako."

Alikuwa akicheka, kisha ananisimulia mambo ya shule, nani kagombana na nani, mwalimu gani kanyoa ndevu. Kabla ya mafua hayo alikuwa akinipigia mara moja kwa wiki, tena kwa kusukumwa na mama yake. Kobe mgonjwa ndiye aliyenirudishia mtoto, na mimi hamnazo nikaona ni usumbufu.

Wiki ya tatu nilisinzia juu ya ngazi kazini, mkono ndani ya kiyoyozi cha watu. Nikajiambia, fundi mzima naamkaje usiku kubonyeza swichi kama sina akili? Stoo nilikuwa na themostati, swichi inayojiwasha na kujizima kwa kufuata joto, niliyoitoa kwenye kiyoyozi kibovu. Jioni ile nikaiunganisha na balbu, nikaiweka kwenye nyuzi ishirini na tano. Nikaijaribu tunavyojaribu siku zote: nikaishika ncha yake kiganjani ipate joto. Ikalia tik, balbu ikawaka. Nikaachia, ikazima. Safi.

Safi kwa kiyoyozi. Themostati ya kiyoyozi huwasha mashine joto likizidi na huizima baridi ikifika. Mimi nilitaka kinyume chake. Mwanafunzi wa wiki mbili, asiyejua lolote, angeuliza mbona balbu imezima na sanduku lina baridi. Mimi najua mno, sikuuliza. Nikasema sanduku limeshiba joto, nikapanda kitandani.

Saa tatu simu ikalia.

"Ngapi, baba?"

Nilikuwa tayari ndani ya blanketi. Sebule iko hatua nane kutoka kitandani, nimezihesabu baadaye.

"Ishirini na tano."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Nikamwambia nimechoka, tutaongea kesho. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi kipimajoto kilisema kumi na tano. Mheshimiwa alikuwa amenyoosha shingo, mdomo wazi, mapovu puani. Daktari alimdunga sindano, akasema mapafu yameshikwa, anaweza kupona, anaweza asipone.

Jioni binti yangu alikuja na mama yake. Hakulia. Alitazama waya zangu, akatazama kipimajoto, akanitazama mimi.

"Baba, jana saa tatu ilikuwa ngapi?"

Nilianza kueleza habari za themostati. Nilieleza vizuri sana. Mama yake akaniambia, kwa upole ambao heri ungekuwa matusi, "Hajakuuliza hilo."

Wakambeba Mheshimiwa na sanduku lake. Hata dada mtu alikuwa amekubali, alisema mnyama ni heri awe kwake kuliko kwangu.

Siku nne, saa tatu ilipita kimya. Nilikaa na simu mapajani, nina usingizi wote duniani na siutaki. Ya tano nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mheshimiwa?"

"Amekula kidogo leo."

Nikangoja mambo ya shule. Hayakuja. Kwa kukosa la kusema, nikauliza, "Ngapi?"

Nikasikia simu ikiwekwa chini, miguu ikienda, miguu ikirudi.

"Ishirini na sita," alisema. "Nimeangalia."