Mgeni Niliyemngoja Stesheni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya kabati langu la vyombo vya wageni. Naandika mapema kabla sijasahau, ili mama mwingine mwenye mgonjwa ndani asifanye nilichokifanya mimi.

Kwanza mjue hivi. Binti yangu Tumpe ana saratani, na hospitali walishatuambia haitapona. Sasa tunahudumiwa na wauguzi wa tiba shufaa, wale wanaowafuata nyumbani wagonjwa wasiopona, kuwapunguzia maumivu, na sisi tunaowauguza kutushika mkono. Kwetu huja Nesi Sekela. Alileta mofini, dawa ya maji kwenye chupa, akasema, "Mama Tumpe, usingoje maumivu yafike. Mpe kwa saa zake, hata ukimkuta anacheka."

Nikaitikia ndiyo nesi. Alipotoka nikaificha chupa nyuma ya sahani za maua. Kitu kizuri hakitumiwi hovyo. Nikasema nitamtunzia kwa ajili ya siku mbaya. Tumpe nikimuuliza hujibu, "Nimezoea, mama," huku ameng'ata shuka.

Basi, kwenye ndoto kabati ni stesheni ya treni. Sahani zimekaa kwenye mabenchi na mizigo yao. Mimi nina chupa kwapani.

"Tunamngoja nani?" chupa inauliza.

"Siku Mbaya. Ikishuka tu, nakufungua."

"Sura yake unaijua?"

"Nitaijua. Mimi ni mama."

Bakuli la mchuzi linacheka chinichini. "Hata sisi alituambia tungoje mgeni wa maana. Mwaka wa kumi na moja huu."

Treni inaingia bila kelele. Anashuka mtu mnene mwenye koti la mvua.

"Wewe ndiye Siku Mbaya?" namuuliza.

"Hapana, mimi Jumatatu tu. Lakini muulize binti yako nilivyokuwa."

Anashuka Jumanne, kabeba mkungu wa ndizi. "Na mimi muulize, mama." Jumatano anapita akiangalia chini, kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

Wa mwisho ni bwana mmoja mwembamba, kavaa vizuri, ana godoro lake begani. Ananiinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," naitikia, maana nimelelewa. "Wa wapi wewe?"

"Naitwa Maumivu. Ahsante kwa kuja kunipokea. Nyumba nyingine nafika nakuta mlango umeshafungwa."

"Sikuja kukupokea wewe."

"Ulikuja kungoja, mama. Hapa hakuna mwingine anayengojwa."

Mara stesheni si stesheni, ni chumba cha Tumpe. Yule bwana ametandika godoro lake juu ya miguu ya mwanangu na amelala na viatu. Nesi Sekela anaingia na kofia ya mkagua tiketi.

"Huyu amekatiwa tiketi na nani?"

Maumivu ananinyooshea midomo, kwamba ni mimi.

Najua nitasemwa. Lakini Nesi anavuta kigoda, anakaa. "Mama Tumpe, na wewe umelala lini?"

Hilo sikulitegemea. Naanza kulia, na machozi yanatoka yamekunjwa vizuri kama leso za kuuza. Nesi anayapokea moja moja, anayaweka mfukoni.

"Nikimpa sasa akaizoea," nasema, "siku ile yenyewe nitampa nini?"

"Utaniita. Nitakuja, tutatazama kipimo upya. Dawa haiharibiki kwa kutumika mapema, mama. Anayeharibika ni Tumpe, kwa kungoja."

Nafungua chupa. Napima kama nilivyofundishwa, nampa mwanangu. Maumivu anaanza kupungua, kwanza viatu, halafu magoti, mpaka anatosha kwenye kisahani cha chai.

"Siondoki moja kwa moja," anasema kwa sauti ya mbu.

"Najua," namwambia. "Kaa mlangoni. Kitandani kwa mwanangu usipande."

Tumpe anakunjua miguu. Muda mrefu sijaona urefu wa miguu yake. "Mama," anasema, "sasa naweza kukusimulia," na mimi nasogea nisikie.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, shingo imekakamaa kwa kulala kwenye kiti. Tumpe alikuwa macho, amejikunja, ananitazama.

"Mama," akasema, "nimemsikia akikuamkia."

"Nani?"

"Sauti yake naijua. Huwa ananiamkia mimi kwanza."

Nilikwenda kabatini, nikasogeza sahani, nikapima dawa. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa ameshafungua kinywa.