Sifa Moja, Lawama Moja

Katika familia ya kinyozi mmoja, Krismasi haikuanza kanisani wala jikoni. Ilianza siku moja kabla, saa nne asubuhi, pale alipowafungia wateja mlango wa saluni na kuwaketisha watoto wake kitini mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Aliwanyoa huku akimpa kila mmoja sifa moja na lawama moja ya mwaka mzima. Mwenye kitambaa shingoni hakuruhusiwa kujibu. Na hakuna aliyesamehewa. Kaka mkubwa, mwalimu mkuu, nywele zilimtoroka zamani, lakini alipanguswa kipara kwa spiriti na kusemwa kama wengine. Dada muuguzi alikuja na misuko yake, akachongwa nywele za shingoni tu. Lawama alipewa kamili.

Mwaka huu mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umepooza tangu Agosti. Saluni iliendeshwa na kitindamimba, binti aliyeijua kazi hiyo mpaka wateja wakambatiza jina la Mashine. Asubuhi ya mkesha aliwafungia wateja mlango, lakini hakuanza kunyoa. Kuwanyoa ndugu zake hakukuwa tatizo. Ila kushika mashine ya kunyolea mbele ya baba yake, siku ile ya mwaka, aliona ni sawa na kumzika angali hai. Na wasiponyolewa, desturi yenyewe ndiyo itakuwa imezikwa.

"Baba, nianze na kaka?" aliuliza.

Mzee akajikongoja, akamsogeza mwalimu mkuu kwa fimbo yake, akajitupa kitini.

"Mkubwa kwanza. Mkubwa hapa ni nani?"

"Lakini baba, wewe ndiye..."

"Kinyozi hajinyoi, mama. Funga kitambaa. Ninyoe, kisha unipe changu, sifa na lawama. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kumlaumu baba? Katika familia ile? Dada akatazama dari. Mwalimu mkuu, ambaye wanafunzi mia sita humtetemekea, akajikohoza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Binti akaanza kisogoni, akapanda taratibu, akilikunja sikio la mzee kwa kidole kama alivyofundishwa. Mvi zikaanguka. Nusu ya kichwa ilipokwisha, akasema.

"Lawama. Mkono ulianza kufa ganzi tangu Juni. Ukawa unanyoa kwa kushoto, ukatuambia unawaonyesha wateja mbwembwe. Tukacheka, baba! Ungesema, dada angekuwahisha hospitali. Ulituona watoto wadogo."

Mzee akafumba macho; sheria yake mwenyewe haikumruhusu kujibu.

"Sifa." Binti akahamia nusu ya pili ya kichwa. "Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa kusemwa kwa hiari yake, tena na mtoto wake wa mwisho. Nikizeeka, baba, nataka niwe hivyo."

Akamaliza, akamkung'uta shingo, akafungua kitambaa. Sasa mzee aliweza kujibu, na wote watatu walijua ulimi wake ulivyo mkali. Alijitazama kwenye kioo.

"Niliogopa," akasema.

Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. Tangu Agosti alimgombeza kila aliyejaribu kumshika, hata kwenye ngazi. Sasa akamgeukia mwalimu mkuu, akamnyooshea mkono wake mzima.

"Niinue, mwanangu."