Shavu la Kulia, Shavu la Kushoto

Mtu akiniambia kwamba dawa fulani ya uso inafanya kazi, mimi namuuliza swali moja tu: ulijipaka upande gani? Wengi hunitazama kama nimerukwa na akili. Wao hujipaka uso mzima, wakangoja, kisha wakasema dawa ni nzuri kwa sababu wameshainunua. Mimi Rébecca, msusi wa mtaa wa Furu hapa Butembo, siamini uso uliopakwa wote. Aliyenifundisha ni Katungu, rafiki na mteja wangu, na alinifundisha katika mwezi mtamu kuliko miezi yote ya vita.

Mume wa Katungu, Valère, alikuwa mtu wa Bandundu, mtumishi wa serikali aliyeletwa huku kupima viwanja. Mwaka wa 1998 aliitwa Kinshasa kwa mafunzo ya majuma mawili. Akaondoka na sanduku dogo na mashati machache, na vita vikafunga njia nyuma yake. Waasi huku, serikali kule, na katikati bunduki. Barua haikupita, simu haikupita, hata uvumi haukupita. Katungu alibaki na watoto, Delphin na wadogo zake, akalima, akauza maharagwe, akakimbilia kwa baba yake mkulima kijijini Kasugho risasi zilipolia na kurudi ziliponyamaza. Miaka mitano ikaenda hivyo, hajui kama yeye ni mke au mjane.

Basi mwaka wa 2003, asubuhi moja, nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa. Tukamwona katekista Ésaïe anakuja mbio kutoka parokiani, ambako kuna foni, ile redio ya kuitana na miji ya mbali. Anakimbia na viatu mkononi.

"Mama Delphin! Mama Delphin! Bwana yako iko muzima! Amesema kwa foni, yeye mwenyewe, nimesikia sauti yake! Inchi imeungana, banarudisha batumishi bote kwa kazi yabo. Mwisho wa mwezi anashuka na ndege kule Mavivi, Beni!"

"Valère?"

"Valère yako, mama! Uko na ingine?"

Katungu aliruka na kitana kikiwa kichwani. Mimi nikaruka. Wateja wangu wakaruka, mmoja ana sabuni machoni na anacheza tu. Tulimbeba Ésaïe juu juu mpaka akaanza kuomba huruma. Sijawahi kufurahi vile kwa ajili ya mwanamume ambaye si wangu.

Kisha Katungu akageuka, akakutana na kioo. Akaweka vidole chini ya macho, akavishusha polepole.

"Yaya Rébecca, mashavu yangu iko wapi?"

Swali hilo lilinichoma, mimi yaya wake, dada mkubwa, maana nilijua jibu lake. Alipoolewa alikuwa na mashavu ambayo shangazi zake walikuwa wakiyafinya kanisani. Sasa kila upande palikuwa na shimo.

"Ataona hii uso," alisema, "atasema niko na sida."

Ningependa kumkemea kwamba anawaza upuuzi, lakini haukuwa upuuzi. Mtaani kwetu mtu akikonda, watu hawaulizi alikula nini. Wanajua tayari kwamba ni sida, yaani UKIMWI, au ndivyo wanavyojiona. Antoinette, jirani yetu, mumewe alirudi kutoka Kisangani baada ya miaka mitatu, akamwona mlangoni jinsi alivyokonda, akaenda kulala kwa kaka yake. Kesho yake akapanda gari na hajarudi tena. Antoinette alikuwa na malaria na njaa, basi. Leo ni mzima, anapiga jembe kuliko mimi, na mume hana. Jambo hilo Katungu alilijua kama nilivyolijua mimi, na mwisho wa mwezi haukuwa mbali.

Edmond alifika siku hiyohiyo alasiri. Huyu ni mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka Dubai, mtu mwenye ulimi wa asali na pua ya kunusa shida ya mtu. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha kioo, kimevaa kifuniko cha dhahabu.

"Hii hapana mafuta ya bule bule," alisema. "Ni kiini ya muzizi moja ya kwa ba-Chinois, kule China. Unapaka juu, inaita mafuta chini ya ngozi, basi mashavu inajaa. Ba-mama ba Dubaï banaipigania."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nilimwambia. "Na wewe leo umeshatembea salon ngapi?"

Edmond akacheka tu. Katungu hakucheka. Alikishika kile kichupa kama mtu anayeshika yai. Nilidhani atakimiminia usoni chote mara moja. Lakini damu ya Kasugho ni damu ya Kasugho.

"Papa hapana pandaka mbegu mupya mu shamba muzima," alisema. "Anapanda upande moja, upande ingine anaacha mbegu yake ya zamani. Kisha anaangalia. Juu kama mbegu ni mubaya, batoto bakule nini? Yaya, tutapaka shavu moja."

"Na ingine?"

"Maji tu."

Nilitaka kumkumbatia. Edmond alikunja uso, kwani hakuna mfanyabiashara wa urembo anayependa kuona mteja ana akili. Tukachagua shavu la kulia.

Kipimo nilikitunga mimi, na ninajivunia mpaka leo. Macho hayafai kupima, macho huona yanachotaka. Nilimlaza Katungu kwa ubavu kwenye benchi, kichwa juu ya mapaja yangu, nikachukua kijiko cha chai chenye maji nikamimina ndani ya shimo la shavu. Shavu likiwa na shimo, maji yanakaa humo kama kwenye bakuli. Likijaa, maji yatakosa pa kukaa, yateremkie sikioni. Siku ya kwanza kijiko kizima kilikaa kulia, na kijiko kizima kilikaa kushoto. Nilimpangusa uso kwa kitenge changu na nikamwambia arudi Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza maji yalikaa palepale. Ya pili, salon ilikuwa imejaa. Wanawake wa Furu walikuwa wamesikia, na mwanamke wa Furu hawezi kusikia jambo akalala. Wengine walisimama dirishani. Nikamlaza Katungu, shavu la kulia juu.

"Usicheke," nikamwambia.

"Sicheki, yaya. Mimina."

Nikamimina. Maji yakasita kidogo, yakatetema, kisha yakakimbia yote mpaka sikioni, na Katungu akapiga kelele kwa sababu yalikuwa ya baridi.

E Nyamuhanga, Muumba wetu! Mlio uliotoka humo ndani ulileta askari wawili kutoka kizuizi cha barabarani, bunduki mkononi, wakidhani vita vimerudi. Waliposikia ni shavu, mmoja akauliza kama kuna dawa ya upara. Wanawake walimshika Edmond kwa koti. Huyu anataka kichupa, yule anataka viwili, bibi mmoja asiye na jino anataka kwa ajili ya mume wake. Nami nilicheza, sitasema uongo, nilicheza mbele ya wote. Kwa shangwe ile tulisahau kabisa shavu la kushoto.

Ni Katungu aliyelikumbuka, Jumamosi iliyofuata. Watu walikuwa wachache, kila mmoja yuko kwake anajipaka. Alijilaza mwenyewe, shavu la kushoto juu, lile la maji tu. Nikamimina bila wasiwasi wowote, huku nikizungumza na mtu mlangoni.

Maji yakanilowesha paja.

Nikamimina tena, polepole. Yakateremka tena. Nikamgeuza, nikarudia kulia: yaleyale. Mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa, sawa kwa sawa, lililopakwa na lisilopakwa. Hasira ikanipanda.

"Umepaka yote mbili!"

"Hapana, yaya."

"Usiku, siri siri! Njia ya mwongo ni fupi, Katungu!"

"Kwa jina ya Bikira Maria, shavu hii haijaona kitu, ni maji tu!"

Aliapa na machozi, nami sikumwamini, ndivyo nilivyo. Kesho yake mchana nikaenda kwake bila kubisha hodi, nimkamate na kichupa mkononi. Nikamkuta ameketi na watoto kwenye mkeka. Mbele yao palikuwa na bugali, maharagwe yenye mafuta ya mawese, na avoka iliyopasuliwa. Katungu alikuwa anakula. Alikata tonge, akachovya, akameza, akakata jingine kabla la kwanza halijafika tumboni.

Nilisimama pale mlangoni kama mti. Miaka mitano nimekula katika nyumba ile, kwenye misiba na ubatizo, na sikukumbuka hata mara moja nimemwona huyu mwanamke akimeza tonge la pili. Alikuwa anapakua, anasukuma sahani kwa watoto, anasema ameshiba. Nilidhani ni umaskini, na umaskini ulikuwepo. Lakini hata siku mavuno yalipokuwa mazuri, alipakua na kusukuma vilevile.

"Karibu, yaya, ukule," alisema, mdomo umejaa.

"Tangu lini unakulaka hivi?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, hata yeye hakuwa amejiuliza.

"Tangu Ésaïe alisema ako muzima," alisema. "Mbele chakula ilikuwa inafika hapa," akagusa koo, "inasimama. Najiuliza, yeye kule amekula? Ao alisha kufa, na mimi niko natafuna? Sasa inapita yenyewe."

Niliketi. Nikala naye, na sioni aibu kusema kwamba bugali ile ilikuwa na chumvi ya machozi yangu. Jioni nikamtafuta Edmond.

"Dawa yako hapana kitu," nikamwambia.

"Lakini, si mashavu imejaa?"

"Imejaa yote mbili! Na ile ya kushoto imekula maharagi!"

Niliwaambia wanawake wote niliowasuka juma lile. Wengine walinishukuru, wengine walinuna, wengine waliendelea kujipaka. Edmond alihamishia biashara yake mji wa Beni, ambako hakuna aliyejua habari ya kijiko.

Lakini hofu ya Katungu haikuhamia popote. Majuma machache ya maharagwe hayarudishi miaka mitano. Mashimo yalikuwa yameziba, ndiyo, ila mashavu ya harusi hayakuwa yamerudi, na nywele za mbele zilikuwa zimeingia mvi. Siku yenyewe tuliondoka Butembo alfajiri, juu ya magunia ya viazi, na njia nzima mpaka Mavivi alikuwa ananiuliza, "Yaya, angalia muzuri. Ungekuwa yeye, ungekimbia?" Na mimi njia nzima nikimjibu kwamba ningekuwa Valère ningempiga busu mbele ya askari wote. Alicheka, kisha akauliza tena.

Uwanjani kulikuwa na sherehe! Ngoma, masista, watoto wa shule, wake wa watumishi wamevaa vitenge vipya. Ndege ilipotokea juu ya msitu kila mtu alipiga yowe, mimi wa kwanza. Ikatua, ikazunguka, ikafungua mlango. Wakaanza kushuka wanaume wenye mikoba na tai, na kila aliyeshuka kuna mwanamke aliyepasua hewa kwa vigelegele na kumrukia. Katungu alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Akashuka mwingine. Na mwingine. Kisha hakushuka mtu.

"Ameniona," Katungu alisema. "Ameniona kwa dirisha, akabakia ndani."

"Nyamaza."

"Ameniona, yaya."

Nilikuwa natazama huku na huku nipate mtu wa kumgombeza, ndipo nikamwona mzee mmoja amesimama nyuma ya bawa la ndege, kati ya wapakuzi, kwenye mlango wa mizigo. Nilidhani ni mmoja wao. Koti lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani hadi meno yalionekana kwa nje ya ngozi. Kila upande ningemimina vijiko viwili na visimwagike. Alikuwa anamtazama Katungu, na hasogei.

Katungu akafuata macho yangu. Alimtazama muda mrefu. Hakumjua mara moja, nami niliona saa ileile alipomjua, maana aliuachia mkono wangu.

Alipoanza kwenda kwake, yule mtu akarudi nyuma hatua moja. Akainua viganja, kama mtu aliyesimamishwa na askari.

"Katungu, usikimbie," alisema. "Minakuomba. Hapana ugonjwa, nakuapia. Ni njala tu ya Kinshasa."

Kwetu mke hamgusi mume mbele ya watu. Katungu alikwenda moja kwa moja, mbele ya masista na makanali, akauweka uso ule kati ya mikono yake miwili, shavu la kulia na shavu la kushoto. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Valère akafungua mdomo kuendelea kujieleza.

"Maneno kisha," Katungu alimwambia. Akafungua pembe ya kitenge, akatoa kiazi kilichochemshwa ambacho watoto walikuwa wamempa cha njiani, akakimega. "Kula kwanza. Hapa, nikuone."

Akamlisha tonge baada ya tonge, naye alikula akiwa amesimama, machozi yakimtiririka hadi kwenye kiazi. Mimi niliwageukia watu wote waliokuwa wakitazama, nikawafokea waende zao.