Moyo Usiopenda Simu

Tangazo kwa umma. Mimi, Jasper Mogire wa Kidato cha Tatu, ndimi mtu wa kwanza katika Kaunti ya Nyamira ambaye moyo wake husimama simu ya jirani ikilia. Moyo wenyewe ni mzima. Nililazwa kwa nimonia.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa Mzee Nyamongo, aliyevunjika nyonga na aliyekuwa akingoja habari moja tu: bintiye Phanice alikuwa leba kule Kisii, mimba ya kwanza. Asubuhi simu yake iliisha chaji, nikamwazima yangu ampigie. Kisiri, kwa sababu mama na shule hawakujua nina simu.

Mchana wakaja kina mama wa kanisa kutoka Gesima kumwombea Mzee. Kwao, jamaa aliye mbali lazima naye aombe, hivyo simu huwekwa sauti ya juu kando ya mgonjwa. Mjomba wa Mombasa alipoanza kukemea mapepo, usingizi wangu ukakimbia pamoja nayo. Chini ya blanketi nikavua kidoleni kibanio cha mashine ya kupima mapigo ya moyo. Mashine ikapiga kelele.

"Ni simu," nikanong'ona kama mtu anayeaga dunia.

Mjomba akakatwa katikati ya pepo. Nikarudisha kibanio, mashine ikatulia. Simu nyingine ikalia, nikafa tena. Muda si muda simu zote za wadi, hata ya Mzee iliyokuwa ikichajiwa, zilikuwa ndani ya beseni, na beseni lilikuwa nje kwenye shamba la chai.

"Na Phanice je?" Mzee akauliza.

"Vumilia, Mzee," Mama Bitutu, kiongozi wao, akamjibu. "Mtoto wa wenyewe asitufie hapa."

Hapo mto wangu ukaanza kulia. Nikaitafuta simu kwa mikono miwili, kibanio kikiwa kidoleni. Mashine ikaendelea taratibu kama saa ya ukutani.

Sista Adongo, muuguzi wa zamu, akatazama mto, akatazama mashine. "Yako haina madhara, sivyo?"

Ilikuwa namba ya Phanice. Ningeikata, ningebaki mgonjwa wa moyo. Nikamtazama Mzee, nikapokea, nikaweka sauti ya juu. Wadi nzima ikasikia mtoto mchanga akilia.

Mzee akafuta macho. Mama Bitutu hakufuta chochote. "Jasper, toa huo mkono tuuone."

"Nilikuwa nakivua hiki," nikakiri. "Nilitaka tu kulala."

"Na hiyo simu ni ya nani?" Mama yangu alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya uji.

"Hiyo nayo ni yangu, mama."